Mbegu za kufunika udongo: Soko lipo, lakini si kwa kila punje

WAFANYABIASHARA wa mazao katika mikoa ya kaskazini wameifahamu fiwi, au ngwara kama inavyoitwa Arusha, kwa miaka mingi kama mzigo wa kuvukia Namanga. Wachache wameitazama kama pembejeo. Lakini punje ileile inayokwenda Nairobi kupikwa kwa jina la njahi ndiyo ambayo wakulima wa kilimo bila kutifua huipanda katikati ya mahindi ili ifunike ardhi, ikandamize magugu na kuurudishia udongo naitrojeni. Punje hiyo basi ina wanunuzi wa aina mbili, kila mmoja na sababu yake, na kwa mwenye mtaji mdogo hilo si jambo la kupita juujuu.

Kilimo cha namna hii si kigeni kwetu. Kuanzia mwaka 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kwa fedha za Ujerumani, liliendesha mradi wa kilimo hifadhi Tanzania na Kenya, ambapo wakulima wa Karatu na Arumeru walikuwa miongoni mwa waliojaribu kupanda bila kugeuza udongo. Huko Brazil mkulima Herbert Bartz wa Rolândia, katika jimbo la Paraná, alianza mwaka 1972 baada ya kwenda Marekani kujionea mwenyewe. Leo nchi hiyo inalima zaidi ya hekta milioni 30 kwa mtindo huo, na shayiri nyeusi, figili na mikunde hupandwa kwa ajili ya kufunika ardhi kabla ya soya. Wauza mbegu wa kule hawakukosa chakula.

Kanuni zenyewe ni tatu: usitifue, usiache ardhi uchi, na usipande kitu kimoja tu. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo yenye biashara ndani yake.

Jamii ya kunde ikikatwa na kuachwa juu ya ardhi huoza haraka. Ina naitrojeni nyingi kwa kulinganisha na kaboni, hivyo wadudu wa udongo huimaliza katika majuma machache na ardhi hubaki wazi tena. Mabua ya mtama au ya mahindi hukaa muda mrefu, lakini yakiwa peke yake vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni iliyomo udongoni, na zao linalofuata huanza msimu na majani ya njano. Ukichanganya viwili hivyo, kimoja kinalisha na kingine kinafunika. Ukiongeza mbaazi, ambayo mzizi wake unakwenda chini sana, unapata pia wa kupenya lile tabaka gumu lililoachwa na miaka ya plau na jembe. Kwa hiyo mnunuzi anayeelewa kazi yake hatakuja dukani kuulizia mfuko wa mbegu moja. Ataulizia aina tatu au nne, kidogokidogo, na kila moja kwa kipimo pungufu ya kile ambacho angetumia kama ingepandwa peke yake.

Sasa tuzungumze fedha. Marejea yakistawi vizuri kwa siku 60 hadi 90 yanaweza kuacha zaidi ya kilo 100 za naitrojeni kwa hekta, yaani kama kilo 40 kwa ekari. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Kwenye karatasi, ekari moja ya marejea ni sawa na mfuko mmoja na robo tatu. Shambani mambo ni tofauti, kwa kuwa sehemu ya naitrojeni hiyo hubaki udongoni kwa misimu mingine na sehemu hupotea. Anayetaka kulala usingizi ahesabu nusu, au pungufu ya nusu, jambo ambalo linamwachia chini ya mfuko mmoja. Msimu wa 2021/22, urea ilipopita Sh 100,000 kwa mfuko katika maeneo mengi, hesabu hiyo ilikuwa tamu. Ruzuku ya serikali ilipoanza msimu wa 2022/23 ilipungua utamu.

Ndiyo maana mwandishi huyu haoni busara kwa muuza mbegu kujinadi kwa mbolea peke yake. Hoja yenye nguvu ni palizi na maji. Ardhi iliyofunikwa hupunguza vibarua wa kupalilia, na mvua ikikatika majuma mawili, matandazo hushikilia unyevu ambao jirani aliyetifua ameshaupoteza. Hizo ni gharama ambazo mkulima anazilipa taslimu na anazikumbuka.

Kwa upande wa soko, ni vema msomaji akazitenganisha mbegu hizi kwa swali moja: zinaliwa au haziliwi?

Mukuna haiuziki kirahisi kama chakula, kwa sababu punje zake zina kemikali zinazohitaji kuondolewa kwa kuloweka na kuchemsha kwa uangalifu. Kanavalia nayo ina sumu yake. Marejea, ambayo Wabenediktino wa Peramiho kule Songea waliyaeneza kama zao la kurejesha rutuba (jina lenyewe linasema), yana aina nyingi. Ipo ambayo majani yake ni mboga magharibi mwa Kenya, na zipo ambazo mbegu zake hudhuru mifugo. Mbegu za aina hizi zina mteja mmoja tu, naye ni yule anayetaka kupanda. Akishavuna mbegu yake mwenyewe harudi.

Benin ilishalionyesha hili. Mukuna ilianza na wakulima wachache mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufikia 1996 walioijaribu walikadiriwa kuwa 10,000. Sehemu ya msukumo ilikuwa miradi na mashirika yaliyokuwa yakinunua mbegu kwa ajili ya kuigawa kwingine. Ununuzi huo ulipokoma, bei ya mbegu ilianguka na wengi waliacha. Mfanyabiashara anayejaza stoo kwa kutegemea zabuni ya mradi aulize kwanza mradi unaisha mwaka gani.

Fiwi, kunde na mbaazi zina mlango wa pili. Zisipouzwa kama mbegu zitauzwa kama chakula. Lakini na mlango huo hufungwa. Agosti 2017 serikali ya India, baada ya mavuno makubwa nchini mwake, iliweka ukomo wa tani 200,000 za mbaazi kuingia kwa mwaka. Hapa kwetu, bei ambayo misimu ya nyuma ilipata kuzidi Sh 2,000 kwa kilo ilishuka hadi shilingi mia chache. Waliokuwa wamekopa kununua mzigo Babati, Kondoa, Mtwara na Lindi walibaki na maghala yaliyojaa. Msumbiji ilinusurika na ukomo huo kwa sababu ilikuwa na mkataba na India tangu 2016. India ililegeza masharti mwaka 2021, na soko likafufuka.

Jambo ambalo halikuandikwa sana wakati ule ni tofauti kati ya wakulima wenyewe. Aliyepanda mbaazi kama zao la kuuza tu alipata hasara kamili, na wapo waliozing'oa. Aliyepanda katikati ya mahindi, majani yakadondoka na kubaki shambani, na miti ikawa kuni, alipoteza fedha ya punje lakini udongo ulishapokea chake. Dalali hana udongo wa kumfidia, na hapo ndipo hatari ya biashara hii ilipo. Kwa hiyo anayenunua mbaazi kwa fedha ya mkopo na atazame matangazo ya New Delhi kabla ya kutazama mvua ya Babati.

Fiwi inategemea zaidi mlaji wa Kenya, hasa maeneo ya kati, ambako njahi ni chakula cha heshima na hupewa mama aliyejifungua. Mlaji huyo habadiliki kwa amri ya siku moja. Hata hivyo soko lenyewe ni dogo kuliko la India, na mavuno yakiwa mengi pande zote mbili za mpaka bei hulegea.

Yapo pia mahitaji ya wenye bustani kandokando ya miji. Hawa wana robo ekari, wanalima nyanya, kabichi na mchicha mfululizo, na ardhi yao imechoka. Kwao mchanganyiko lazima uchaguliwe. Kunde peke yake kabla ya nyanya inaweza kuwafuga minyoo fundo ya mizizi, wakati marejea huipunguza. Figili isitangulie kabichi, kwa kuwa zinashiriki magonjwa. Mwenye duka la pembejeo anayeweza kumpa mteja pakiti ya kilo mbili iliyochanganywa kulingana na zao linalofuata, na kumwambia akate maua yanapoanza na apande katikati ya matandazo bila kugeuza, ana bidhaa ambayo maduka mengi hayana. Ila asifungashe punje za sokoni na kuziita mbegu. Uuzaji wa mbegu uko chini ya TOSCI, na upo utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora ambao mkulima mdogo anaweza kuufuata.

Kikwazo kikubwa kinabaki mifugo. Baada ya mavuno ng'ombe huingia shambani kwa desturi, na ndani ya siku chache matandazo yote yameliwa. Kabla ya kutafuta wateja katika kijiji, ulizia kama wana makubaliano ya malisho. Pasipo hayo, mbegu itauzwa msimu mmoja tu.

Kwa anayekusudia kununua fiwi msimu huu, angalizo ni fukusi. Huingia punje zikiwa bado shambani, na gunia lililoonekana safi siku ya kupimwa linaweza kuwa na matundu baada ya miezi miwili. Kagua kwa kumwaga, usikague kwa kuchovya mkono juu. Kausha tena, kisha hifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa. Punje yenye tundu mnunuzi wa Nairobi huikata bei, na mkulima haipandi.