Ganzi ya Kambale wa Umeme

Mvuvi wa Kalundu, bandari ya Uvira kwenye Ziwa Tanganyika, anayepapasa wavu gizani hugusa mwili mnene, laini, usio na magamba, na papo hapo mkono unamruka hadi begani. Kakutana na kambale wa umeme. Ziwa hilo lina aina yake isiyopatikana kwingine, iliyopewa jina la kisayansi mwaka 2000: Malapterurus tanganyikaensis. Kambale wa umeme aliyekomaa anaweza kurusha zaidi ya volti 300.

Mshtuko ukipita, mkono hubaki na ganzi. Ganzi hiyo ndiyo waliyoitamani waganga wa kale. Mnamo mwaka 47 baada ya Kristo, tabibu wa Roma, Scribonius Largus, aliandika kwamba mwenye jongo asimame ufukweni penye maji, akimkanyaga samaki aitwaye taa wa umeme, aliye hai, mpaka ganzi ifike gotini.

Kwa nini ilisaidia? Ukijigonga kiwiko, mkono wa pili huenda wenyewe kupasugua, na maumivu hupoa. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kama mlango: habari za mguso zikijaa, zile za maumivu hupita kwa shida. Wataalamu wamerekebisha mengi tangu hapo, lakini wazo limezaa tiba. Wall na mwenzake William Sweet walijichoma sindano kwanza wao wenyewe, wakapitisha umeme kwenye mishipa ya fahamu ya nyuso zao. Mwaka 1967, huko Marekani, Norman Shealy akamwekea mgonjwa wa saratani waya wa umeme kwenye uti wa mgongo.

Upasuaji wa namna hiyo ni ghali mno kwa mbeba magunia wa bandarini anayeumwa kiuno. Kilicho karibu naye zaidi ni kimashine cha betri kinachoshikika kiganjani. Mtaalamu wa viungo, yule watu wa Uvira wanayemwita kine, hubandika vipande viwili kiunoni, kisha huongeza umeme polepole mpaka mgonjwa ahisi kama chungu wanamtembea. Kambale hana kitufe cha kupunguza; ubora wa mashine uko hapo.

Wengine hupata nafuu, wengine hawaipati, na mara nyingi maumivu hurudi mashine ikizimwa. Mwenye kifaa cha umeme moyoni asiiguse. Tena mgongo unaouma pamoja na homa na kukonda huenda ukawa na kifua kikuu cha mifupa; miguu ikilegea au mkojo ukigoma, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.