Judo na jiujitsu: aliye juu asiharakishe kumaliza

Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu, ng'ambo ya Ziwa Kivu kutoka Goma, alienda Brazil mwaka 2013 kwa mashindano ya dunia ya judo, akaomba ukimbizi huko. Mwaka 2016 alishindana Rio katika timu ya Olimpiki ya wakimbizi, akamshinda Avtar Singh wa India kabla ya kutolewa. Alifanya mazoezi katika Instituto Reação, iliyoanzishwa na Flávio Canto na wenzake. Canto, mshindi wa medali ya shaba Athens 2004, ni fundi wa kupigana chini.

Kwa vijana wa Goma wanaopenda mchezo huu, somo la chini ni moja: mdhibiti kwanza. Shusha nyonga, bana kifua chako juu ya chake, umnyime nafasi ya kugeuka. Katika jiujitsu ya Brazil, kumkalia mpinzani sekunde 3 kunaleta pointi 4; katika judo, kumbana mgongo chini sekunde 20 ni ushindi kamili. Akichoka atanyoosha mkono akusukume. Hapo ndipo kiwiko kinashikwa.

Akipigapiga mkeka, mwachilie papo hapo. Ukichelewa, utamvunja mkono mwenzako wa mazoezi, na kesho utakosa wa kufanya naye.