Homa isiyokoma mpakani: damu inasema nini?

Mfanyabiashara wa Adumi anayevuka kwenda soko la Ariwara, upande wa Kongo, akishikwa na homa hununua dawa ya malaria na safari huendelea. Mara nyingi ni malaria kweli. Lakini kipimo cha malaria kikikosa kitu, na homa ikarudi tena na tena, yafaa damu ichunguzwe zaidi.

Limfosaiti ni aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, askari wa mwili dhidi ya maradhi. Kwa mtu mzima huwa kati ya 1,000 na 4,000 hivi katika maikrolita moja ya damu. Watoto wadogo huwa nazo zaidi, wala si ugonjwa. Zikipanda kwa mtu mzima, mara nyingi sababu ni maambukizi, hasa ya virusi, na wakati mwingine kifua kikuu. Idadi peke yake haitaji jina la ugonjwa. Ni kama foleni ya malori pale Vurra: unajua mbele kuna jambo, hujui ni lipi.

Huku West Nile, jambo moja la kuuliza ni ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o wa kando ya mito. Uliwatesa watu wa Arua, Koboko, Maracha, Yumbe, Moyo na Adjumani. Huanza kwa homa, kuumwa kichwa, kuwashwa, na tezi kuvimba nyuma ya shingo. Baada ya miezi, hata miaka, vimelea huingia kwenye ubongo. Mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku. Aliyekuwa hodari wa hesabu huanza kukosea chenji. Jamaa hudhani amerogwa. Asipotibiwa, kwa kawaida hufa.

Uchunguzi huanza na tone la damu ya kidoleni kwa kipimo cha haraka. Kikionyesha dalili, vimelea hutafutwa kwa hadubini katika damu au maji ya tezi. Vikionekana, maji ya uti wa mgongo huweza kupimwa: chembe nyeupe zikizidi 5 kwa maikrolita, nyingi zikiwa limfosaiti, ni ishara kwamba ubongo umeguswa. Dawa ipo, na ni bure. Wagonjwa wengi sasa humeza vidonge vya fexinidazole kwa siku 10.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale ya aina hii si tatizo tena la afya ya jamii nchini Uganda. Hata hivyo Kongo ndiyo yenye wagonjwa wengi kuliko nchi zote, Sudan Kusini bado inao, na mbung'o hapiti forodhani. Vile vitambaa vidogo vya buluu kando ya mito vina dawa ya kumuua, visiondolewe.

Ugonjwa ukiwa adimu, ni rahisi kusahaulika. Kwa hiyo mwenye homa isiyokoma amweleze mhudumu wa afya masoko aliyokwenda na mahali alikolala, hata kama ni mwaka uliopita.