Kidole Gumba na Makachu wa Forodhani

Msomaji mmoja wa Mji Mkongwe ameuliza kwa nini picha zake za makachu, wale vijana wanaojirusha baharini jioni kutoka ukuta wa Forodhani, zina kasoro ileile kila siku. Jahazi lililotia nanga nyuma linaonekana mpaka kamba zake. Kijana aliye hewani ametoka ukungu mtupu. Amebadilisha lenzi, hali haikubadilika. Mwenzake amemshauri aihamishie fokasi kwenye kitufe cha nyuma ya kamera, naye anataka kujua kama ushauri huo una msingi.

Una msingi, tena msingi wenyewe ni mtamu kuliko ushauri. Mambo ya kasi ya shata na ISO nayaruka, maana anayepiga picha Forodhani machweo ameshayamaliza. Tuangalie kamera inajuaje kitu kiko umbali gani.

Mwanga unaotoka kwenye ncha ya sikio la kijana yule huenea lenzi nzima. Sehemu yake hupitia ubavu wa kushoto wa lenzi, sehemu nyingine ubavu wa kulia. Kamera huzichukua sehemu hizo mbalimbali, kila moja ikachora taswira yake. Fokasi ikiwa sawasawa, taswira mbili huangukiana. Isipokuwa sawa, zinaachana. Katika kamera zenye kioo, kioo kikuu hupitisha sehemu ya mwanga katikati yake, na kioo kidogo cha nyuma huushusha mwanga huo hadi chini, kwenye jozi za vihisi. Katika kamera mpya zisizo na kioo, kazi hiyo hufanywa na nukta za kihisi chenyewe cha picha, ambazo hutenganisha mwanga wa ubavu huu na wa ubavu ule. Mafundi huitaja mbinu hii kwa awamu za mawimbi, jina lisilomsaidia mpiga picha. Mimi nitaiita mbinu ya mwachano. Nilitaka kusema mpishano, lakini vinavyopishana huendelea na safari zao, na hivi vinatakiwa virudiane.

Wavuvi wetu wanaijua hesabu hii. Anayetafuta mwamba wake wa samaki katikati ya maji hutazama alama mbili za nchi kavu, tuseme mnara wa msikiti ulio karibu na pwani na mnazi mrefu ulio bara zaidi. Mnara ukisimama mbele ya mnazi barabara, yumo kwenye mstari. Akiuona mnara umekaa kushoto kwa mnazi, ameshapotoka kwenda kulia, basi anaelekeza chombo kushoto. Na pengo baina ya alama likiwa pana, amepotoka sana. Likiwa jembamba, kidogo. Kwa kutupa jicho mara moja amepata majibu mawili: upande gani, na kiasi gani. Asiye na alama itabidi atupe bildi hapa, asogee, atupe tena, apite mwamba, arudi. Kamera nyingi za kale za mfukoni za kidijitali zilifanya hivyohivyo, lenzi ikienda mbele na nyuma huku mtu akisubiri.

Kuna jambo la ndani zaidi, na hapa ndipo ninapofurahi. Mnara na mnazi vikiwa vimekaribiana, mvuvi anaweza kusogea pima nyingi pembeni asione tofauti. Vikiwa vimeachana mbali, kuteleza kidogo tu kunaonekana. Lenzi nayo ni hivyohivyo: mdomo wake ukiwa mpana, ubavu wa kushoto na wa kulia viko mbali zaidi, na mwachano unapimika kwa usahihi mkubwa. Ndiyo maana kamera nyingi zenye kioo huwa na vihisi maalumu vinavyoamka pale tu unapofunga lenzi ya f/2.8 au pana zaidi, hata kama picha yenyewe utaipiga kwa f/8.

Basi mbona kijana ametoka ukungu? Kamera imepima vizuri sana, ila imepima saa isiyotakiwa. Kwa mpangilio wa kawaida, kubonyeza kitufe cha shata nusu huanzisha upimaji, na kukizamisha hupiga picha. Kila mbonyezo ni kipimo kipya. Anayeruka kutoka kimo cha mita 3 hufika majini kwa takriban sekunde 0.8; ukibonyeza wakati alama ya fokasi imemkosa kwa shubiri moja, kamera inalipima jahazi, na inalipima kwa uaminifu wote. Kwa lenzi ya milimita 200 kwenye f/2.8, na kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, kitu kilicho umbali wa mita 10 kina ukanda wa kama sentimita 40 tu wa kuonekana safi.

Kazi hizo mbili, kupima na kupiga, hazikuwa za kidole kimoja tangu zamani. Mpiga picha Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio hapa Unguja mwaka 1930, alifanya kazi zama ambazo mkono mmoja uliweka fokasi na kidole cha mkono mwingine kikapiga. Mwaka 1985 Minolta ilitoa kamera ya 7000, mota ya fokasi ikiwa ndani ya mwili wake, na kidole kimoja kikabebeshwa kazi zote mbili. Mwaka 1989 Canon, katika EOS 630, ikaruhusu kuzitenganisha tena.

Ili kuzitenganisha, ingia kwenye menyu, iondolee shata kazi ya fokasi, ulipe gumba kitufe cha AF-ON. Kama hakipo, kile cha nyota au AE-L hukubali kazi hiyo. Chagua fokasi ya kufuatilia, inayoandikwa AF-C au AI Servo. Kwa makachu, simama ubavuni mwao, bonyeza gumba juu ya kijana aliyesimama ukingoni, kisha achia. Umbali umeganda. Akiruka sambamba nawe, piga mfululizo; jahazi la nyuma halina la kusema tena. Ngalawa ikija inakuelekea, gumba lisiachie, na kamera itapima mwachano upya muda wote. Mikono huzoea baada ya siku chache.

Mbinu ya mwachano huhitaji mstari wa kushika, na jozi ya vihisi vilivyolala huona mistari iliyosimama tu. Kwa hiyo kwenye jahazi lenga mlingoti, usilenge upeo wa bahari. Bwana harusi akisimama na kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, gumba lipeleke kwenye darizi za kofia.