Kamera Isiyo Kioo na Hesabu za Mpiga Picha wa Harusi

Biashara ya picha katika pwani yetu ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani, kwani studio ya A. C. Gomes ilikuwa ikifanya kazi Unguja tangu karne ya 19, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ikafunguliwa mjini humo mwaka 1930, na baada yake Studio ya Parekh mjini Mombasa na ile ya Bakor kisiwani Lamu zikajipatia sifa ambayo hata leo huwaleta watafiti kutoka nchi za mbali. Na katika muda wote huo mabwana hao walikuwa na rasilmali moja ambayo mteja hakuwa nayo, yaani kamera. Mteja alikwenda studio kwa sababu hakuwa na ikhtiari nyingine. Rasilmali hiyo sasa imo mfukoni mwa kila mtu, na yeyote anayetaka kuipima hali ya biashara hii, seuze yule anayefikiri kutoa fedha nyingi kununua kamera mpya, hana budi aanzie hapo.

Simu ilianza kwa kuchukua kazi ndogo ndogo, zile zilizokuwa zikilipa kodi ya chumba na umeme: picha za Idi za watoto waliovalishwa nguo mpya, picha za ukumbusho ufukweni, picha za marafiki wanaoagana. Serikali nayo, bila ya nia mbaya, ikapunguza nyingine, maana picha ya kitambulisho cha taifa hupigwa na ofisi yenyewe pale pale mwombaji anapotoa alama za vidole. Maduka ya kusafisha filamu, ambayo yalikuwa fahari ya mitaa ya biashara Dar es Salaam na Mombasa, aghalabu yamegeuka kuwa maduka ya bidhaa nyingine. Kilichosalia kwa mpiga picha ni kazi ambazo simu haiziwezi au haikaribishwi: usiku, ukumbi wenye mwanga wa hila, halaiki isiyotulia, na mikusanyiko ya wanawake ambayo simu huachwa mlangoni. Kwa maneno mengine, kilichosalia ni harusi.

Viwandani nako mambo ni yayo hayo. Chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, CIPA, kilihesabu kamera za dijitali zaidi ya milioni 121 zilizotoka katika viwanda vya wanachama wake mwaka 2010. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Kodak, ambayo mhandisi wake Steven Sasson aliunda kamera ya dijitali ya kwanza mwaka 1975, iliomba hifadhi ya kufilisika Januari 2012, na Olympus iliitoa biashara yake ya kamera mikononi mwake kwa jumla. Waliobaki walitambua kwamba mtu wa simu hatarudi, wakaacha kumbembeleza, wakaelekeza nguvu zao kwa yule ambaye kamera ni jembe lake, wakimtengenezea vitu vichache zaidi na vya ghali zaidi. Ndipo ikazidi kusukumwa mbele kamera isiyo kioo, ambayo Panasonic iliifungulia njia mwaka 2008, Sony ikaitia kihisi (kile kipande kinachopokea mwanga) kikubwa cha ukubwa wa filamu ya kale mwaka 2013, Canon na Nikon wakaingia na zao za daraja hilo mwaka 2018, na kufikia mwaka 2020 idadi ya kamera hizo zilizotoka viwandani ikazipita zile zenye kioo.

Kwa asiyejua, kamera tuliyoizoea huwa na kioo kidogo ndani ambacho huipandisha sura ya mbele mpaka jichoni mwa mpigaji, kisha huruka juu kwa kishindo kila picha inapopigwa. Katika kamera mpya kioo hicho kimeondolewa. Mpigaji huchungulia televisheni ndogo sana iliyowekwa mahali pa kitundu cha zamani, akaiona picha kama itakavyotoka, pamoja na giza lake na mwanga wake, kabla hajabonyeza.

Moja ya kamera hizo niliazimwa na mwuzaji wa Kariakoo kwa sharti la kuirudisha salama, nikaitia katika kazi zetu za harusi badala ya kuijaribu dukani kwa kupiga picha za feni na kalenda. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa ukurasa huu si mahali pa matangazo, na kwa kuwa sifa na ila nitakazozieleza ni za hirimu yake yote. Ina megapikseli 24, ambazo zamani tungeziita nyingi na sasa ni za kati, nazo zinatosha kwa albamu yoyote ambayo mteja wa hapa ameniomba. Ni nyepesi mkononi kuliko ile yangu ya kioo, ingawa wepesi huo hutoweka mara lenzi nzuri inapofungwa mbele yake.

Katika ushirika wetu mwenzangu huingia msikitini na mimi huingia upande wa wanawake, kwa hiyo kamera iliipata mitihani yote miwili. Msikitini ilifaulu kwa taadhima. Inaweza kupiga bila ya sauti hata ndogo, na mwenzangu aliweza kuipata ile nukta ambayo walii anashika mkono wa bwana harusi na shekhe anatamka maneno ya nikahi, wakati ambao kishindo cha kioo huwageuza watu vichwa na kumfanya mpiga picha mwenye adabu ashushe kamera. Lakini usiku ule ule, ukumbini, ukimya huo ulikuwa na gharama: taa za LED ambazo wapambaji wa kumbi wanazipenda mno huwaka na kuzimika kwa kasi isiyoonekana kwa macho, na kamera inapopiga kimya huisoma picha mstari baada ya mstari, basi mapazia ya jukwaani yakatoka na mistari ya giza kama yamefumwa hivyo. Dawa yake ni kuirudisha kamera kwenye pazia lake la chuma, lile linalofunguka na kufunga mbele ya kihisi, au kuurekebisha mwendo wake mpaka uafikiane na taa, na asiyelijua hili kabla ya kupokea arbuni atakuja kulijua mbele ya mama wa bibi harusi.

Upande wa wanawake ndiko nilikoistaajabia zaidi, kwa wema na kwa ukaidi wake. Kamera hizi zimefundishwa kutafuta jicho la mtu na kuling'ang'ania, na bibi harusi akitembea kuelekea kwenye kiti chake katikati ya vigelegele, shela likipepea na wapambe wakimpita mbele, jicho lake hubaki limelengwa sawasawa picha baada ya picha. Kazi hiyo kwa kamera ya zamani ilinitaka nipige nyingi ili nipate akali ya zilizo safi. Ukafika wakati wa kupiga picha za hina. Mikono ya bibi harusi ilikuwa imelazwa juu ya mto, michoro imekolea, na kamera, kwa vile mikono haina macho, ikawa inairuka na kwenda kumlenga shangazi aliyekaa nyuma akinywa soda. Nilipoilazimisha kulenga mikono ilitii, nilipoinua kidole ikarudi kwa shangazi. Ilinibidi nikizime kipaji hicho kabisa, na tangu hapo nimekifunga kwenye kitufe kimoja cha kuwashia na kuzimia, maana harusi ya pwani bila ya picha za hina haijakamilika na hakuna mama atakayekubali udhuru wa teknolojia.

Jambo jingine ni ngozi. Maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa miaka mingi kwa kutumia kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, na sisi tuliojifunza kazi katika urithi huo tunajua tabu ya kumweka bwana harusi mweusi mwenye suti nyeusi kando ya shela jeupe: ukimwangazia yeye, darizi za shela hupotea zote, na ukilinda shela, sura yake huzama. Kihisi cha kamera hii hubeba giza na mwanga pamoja kwa upana wa kutosha hata niliweza baadaye, mezani, kuuinua uso wake bila ya kuuharibu wala kuutia chengachenga. Kwangu hii ni sifa kubwa kuliko idadi ya megapikseli, ingawa wauzaji hawaitaji.

Tuje kwenye hesabu, kwani sanaa isiyo hesabu hufilisi. Kamera ya daraja hili huingia sokoni kwa bei ya takriban dola 2,000 hadi 2,500 za Kimarekani bila ya lenzi, na juu yake kuna VAT, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18 na Kenya 16. Na lenzi ya kufanyia kazi ukumbini yaweza kufikia bei ya kamera yenyewe. Mwenye lenzi za zamani za kampuni ile ile anaweza kununua pete ya kuunganishia akaendelea kuzitumia, na hiyo ni nafuu kubwa inayopasa kuulizwa kabla ya yote. Betri haivumilii kama ile ya kamera ya kioo, maana televisheni ile ndogo hula moto wakati wote mtu anapochungulia, basi harusi moja huhitaji betri kadhaa. Picha moja ghafi ya megapikseli 24, iliyobanwa bila ya kupoteza kitu, huchukua karibu megabaiti 30. Apigaye picha 2,000 kwa usiku mmoja hurudi nyumbani na gigabaiti 60, ambazo lazima azihifadhi mara mbili, kwa sababu kuna wateja wanaokuja kutafuta picha baada ya mwaka, baada ya simu kuibwa na mapenzi kutulia.

Upande wa pili wa mizani upo pia. Pazia la kamera ya kioo ya daraja la kati hukadiriwa na mtengenezaji kudumu kwa mapigo kama 150,000, ambayo kwa picha 2,000 za kila harusi ni harusi 75 tu, baada ya hapo mtu anaishi kwa dua. Kamera ikipiga kimya pazia halichakai, kwa hiyo mwenye kazi nyingi za mchana na za msikitini huongeza umri wa chombo chake bila ya kulipa. Kadhalika kamera hii ina nafasi mbili za kadi na huandika kila picha kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Katika hafla za kupamba, ambamo wanawake wamevua mabuibui yao kwa imani kwamba picha hazitatoka nje ya ukoo, hili lina maana ya pekee: zipo familia ambazo hutaka kadi zikabidhiwe pale pale kabla mpiga picha hajatoka mlangoni, na kwa nafasi mbili naweza kuwakabidhi nakala ya kwanza papo hapo na ya pili baada ya kazi ya mezani, nao wakatia alama zao juu ya zote mbili. Uaminifu wa namna hii ndio unaowapa wanawake wapiga picha bei ambayo hakuna simu inayoweza kuishusha.

Matengenezo ndiyo yanayonitia shaka. Wengi wetu hununua kamera zinazoletwa na wafanyabiashara kutoka Dubai, ambako bei huwa nafuu, lakini dhamana yake aghalabu huishia huko huko. Fundi aliyezoea kurekebisha kioo na springi kwa bisibisi na subira hukuta ndani ya kamera hii bodi za elektroniki zisizo na springi ya kurekebisha. Zaidi ya hayo, lenzi inapofunguliwa kihisi huwa wazi mbele ya vumbi na chumvi ya hewa yetu, isipokuwa katika zile ambazo hushusha pazia zinapozimwa, na kuvu la lenzi, adui wa kila mpiga picha wa pwani, halibagui kamera ya zamani na mpya.

Mapato yetu nayo huja kwa misimu. Ramadhani na Kwaresima hukausha kazi karibu kabisa, kisha Mfungo Mosi na miezi inayofuata humwaga harusi tatu kwa wiki, na anayenunua kamera kwa mkopo wa marejesho ya kila mwezi hukuta benki haijui kalenda hiyo. Ndiyo maana wengi, hasa wanawake, wamezipata kamera zao kwa upatu, na wengine hukodi kwa siku.

Kwa mizani hiyo, nasema hivi. Anayeanza asiguse kamera hii. Kamera za kioo zinauzwa sasa kwa bei ya mtumba, Canon yenyewe ilikwisha kutangaza mwishoni mwa mwaka 2021 kwamba EOS-1D X Mark III ni ya mwisho ya kioo katika daraja lake la juu, na bei zitazidi kushuka, basi anunue ya namna hiyo, aulize idadi ya mapigo ya pazia, na fedha iliyobaki aitie kwenye lenzi. Mwenye harusi mbili kwa mwezi na akodi. Mwenye kazi za kila wiki, za usiku na za misikitini, anunue bila ya kuogopa, lakini asinunue mpaka awe na fedha za betri, kadi na mahali pa kuhifadhia picha pia. Mimi kamera ya mwuzaji nimemrudishia, na nimemwachia arbuni ya nyingine ya aina ile ile, nitakayoichukua kabla ya Mfungo Mosi endapo ataniandikia dhamana ya mwaka mmoja itakayotambuliwa hapa hapa Dar es Salaam.