Fidia ya ndege haiulizi pasipoti

Jamaa yangu mmoja, mtumishi wa wizara kule Mji wa Serikali, Mtumba, alifungua droo kunitafutia kalamu. Kalamu haikuwamo. Kilichotoka ni bodingi pasi ya zamani, Frankfurt kwenda Dar es Salaam kupitia Ghuba, imekunjwa pamoja na kuponi ya chakula ambayo hakuitumia.

"Hii safari bwana," akasema, "tulifika na saa kumi na moja za kuchelewa. Nimeingia Dodoma mkutano wa kutoa ripoti umeshakwisha."

Nikamuuliza kama alidai. Akacheka. "Kaka, tiketi yenyewe ya wafadhili. Nidai kama nani?"

Kama abiria. Na madai yenyewe ni euro 600, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, zimelala kwenye droo.

Jibu lake nimelisikia Dodoma mara nyingi, na nadhani linatokana na aina ya wasafiri tulionao. Huku kwetu anayepanda ndege kwenda Ulaya mara nyingi ni ofisa wa wizara anayekwenda kwenye warsha, mhadhiri wa UDOM aliyealikwa kongamanoni, au mbunge aliye kwenye msafara wa kamati. Tiketi imelipwa na mwingine, na mtu aliyepewa hupenda kushukuru kuliko kulalamika. Lakini Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika 17 Februari 2005, haijali aliyelipa. Inamtaja abiria, yule aliyekaa kwenye kiti. Wanaoachwa nje ni wanaosafiri bure au kwa nauli ya punguzo ambayo mwananchi wa kawaida hawezi kuipata, kama vile wafanyakazi wa mashirika ya ndege wenyewe. Tiketi ya mfadhili imelipiwa, basi haimo humo. Uraia nao hautajwi popote.

Kanuni inauliza maswali mawili tu: ndege imeruka kutoka wapi, na ni ya nani. Ikiruka kutoka uwanja wowote ulio ndani ya Umoja wa Ulaya, abiria analindwa hata kama shirika ni la Uarabuni, Uturuki au Ethiopia. Ikiruka kutoka nje kwenda Ulaya, analindwa iwapo tu shirika linaloirusha ni la Ulaya. Kwa hiyo anayetoka Dar es Salaam kwenda Amsterdam na KLM amelindwa kwenda na kurudi. Anayekwenda Frankfurt kupitia Doha na Qatar Airways hana chake wakati wa kwenda, lakini wakati wa kurudi anacho. Shirika ni lilelile na tiketi ni ileile, kilichobadilika ni upande ambao pua ya ndege imeelekea.

Jambo hili liliamuliwa mahakamani mwaka 2008, katika kesi ya shirika la Emirates na abiria wa Kijerumani aliyekuwa amekwenda Manila kupitia Dubai. Ndege yake ya kurudi ilifutwa, akafika kwao amechelewa siku mbili. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kurudi ni safari nyingine, nayo imeanzia Manila. Akakosa. Sisi tuliozaliwa upande huu tunaisoma hukumu hiyo kwa kuigeuza: palipomfunga yeye ndipo panapotufungulia, kwa kuwa kurudi kwetu ndiko kunakoanzia Ulaya.

Na ukichelewa Doha au Addis Ababa badala ya Frankfurt? Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ilisikiliza shauri la Claudia Wegener, aliyetoka Berlin kwenda Agadir na Royal Air Maroc. Casablanca alikuta kiti chake amepewa mtu mwingine, akafika mwisho wa safari amechelewa saa nne. Ucheleweshaji wote ulitokea nje ya Ulaya, lakini kwa kuwa tiketi ilikuwa moja, safari ilihesabiwa kuwa moja tangu Berlin. Akashinda.

Hapo kwenye tiketi moja ndipo msafiri wa Dodoma anapopaswa kuwa makini. Sisi safari zetu ni za kuunga. Utachukua SGR au basi, au utanunua tiketi ya ndege ya kwenda Dar kivyake, kisha Dar uanze safari nyingine. Vipande vya namna hiyo havihesabiki pamoja. Ndege ya Dodoma ikichelewa ukaikosa ya kwenda Ulaya, shirika la pili halikujui. Uwanja wa ndege wa Msalato ukianza kupokea ndege kubwa huenda mambo yakabadilika, ila ukiunga safari fika Dar mapema, hata kama ni kulala kwa shemeji.

Viwango vimepangwa kwa umbali. Safari isiyozidi kilomita 1,500 ni euro 250, hadi kilomita 3,500 ni euro 400, na zaidi ya hapo, ambako ndiko ziliko zetu zote za kutoka Ulaya, ni euro 600. Kwenye safari hizo ndefu, ukifika umechelewa saa tatu au zaidi lakini chini ya nne, shirika linaweza kukata nusu. Ndege ikifutwa, fidia ipo iwapo uliarifiwa zikiwa zimebaki chini ya siku 14.

Hizo saa tatu, ajabu, hazimo kwenye maandishi ya kanuni. Zililetwa na mahakama mwaka 2009 katika kesi ya Sturgeon. Watu wakabishana hadi dakika. Ndege moja ya Germanwings kutoka Salzburg ilitakiwa kufika Cologne saa 8:40 mchana. Magurudumu yaligusa ardhi saa 11:38 jioni, yaani saa mbili na dakika 58 za kuchelewa, na shirika likajiona limepona. Saa 11:43 ikaegeshwa, kisha milango ikafunguliwa. Mwaka 2014 mahakama ikaamua kwamba kufika ni pale mlango hata mmoja unapofunguliwa. Ukiwa ndani ya ndege iliyochelewa, basi, tazama saa mlango unapofunguliwa, na upige picha.

Utajibiwa "hitilafu ya kiufundi". Usirudi nyuma. Tangu kesi ya Wallentin-Hermann ya mwaka 2008, hitilafu ya kawaida ya mashine haiwi udhuru, kwa kuwa kutengeneza ndege ni kazi ya shirika. Mgomo wa wafanyakazi wake nao ni wake. Udhuru wa kweli ni kama dhoruba, mgomo wa waongozaji ndege, au majivu ya volkano yaliyofunga anga la Ulaya Aprili 2010. Hata hapo chakula na hoteli ni haki yako, pamoja na mawasiliano mawili ya bure kwa simu, faksi, barua pepe au, kama kanuni inavyosema bado, teleksi. Vocha badala ya fedha hulazimiki kuipokea, nayo haihesabiki mpaka uikubali kwa saini.

Dai mwenyewe kwanza, kwenye fomu ya shirika. Zipo kampuni za kukudaia, lakini hukata robo, theluthi au zaidi, kwa barua ambayo mtu wa wizara anaiandika kabla ya chai ya saa nne.

Mawaziri wa uchukuzi wa Ulaya walikubaliana Juni 2025 kwamba saa tatu ziwe nne kwa safari fupi na sita kwa ndefu. Mabadiliko hayo yalihitaji pia ridhaa ya Bunge la Ulaya, kwa hiyo soma kanuni ilivyokuwa siku uliyosafiri.

Jamaa yangu aliikunjua ile bodingi pasi akasoma tarehe: Novemba 2023. Kwa sheria ya Ujerumani muda ni miaka mitatu, inayohesabiwa tangu mwisho wa mwaka wa safari, kwa hiyo anayo nafasi hadi 31 Desemba 2026. Wewe ambaye yako ni ya Amsterdam usimwige kungoja: Uholanzi ni miaka miwili tu.