Entebbe: Miti, Nyumba na Kiti

Askari aliye katika likizo hahitaji fedha nyingi ili apate burudani yenye manufaa. Na aende Entebbe, kiasi cha kilomita 40 kutoka Kampala.

Tunaanzia Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1898. Njia zake ni nyepesi kwa miguu, nazo hupita chini ya miti mirefu ambamo mbega huruka, hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria. Humo ilijaribiwa mimea ya kigeni, kama vile mpira na kakao.

Kisha twapanda polepole hadi mtaa wa kale wa serikali, wenye nyumba za baraza pana. Huko ndiko walikokaa watawala wa Kiingereza hadi uhuru ulipopatikana mwaka 1962.

Jina Entebbe latokana na neno la Kiganda lenye maana ya kiti. Waliokikalia wamekwenda zao. Miti na nyumba zimebaki, nazo ni mali ya wananchi wote. Akatae mti wa humo ovyo, au abomoaye nyumba hizo, hunyang'anya watoto wetu urithi wao. Nasi tulio walinzi, tutalindaje vema tusichokijua? Twendeni tukaone.